Mbwa Mwenye Furaha na Mgonjwa Mwenye Mshono

  Leo nataka tumzungumzie mgonjwa anayerudi nyumbani baada ya kufanyiwa upasuaji, na yule mbwa mdogo mchangamfu anayemngoja langoni. Huenda ukacheka kidogo ukasema, mvua imekataa, karo haijalipwa, na huyu analeta habari za mbwa! Cheka, lakini usizime redio. Mgonjwa anapotarajiwa, watu wa nyumbani hujiandaa kwa mengi: supu, shuka safi, maji ya moto, viti vya wageni watakaokuja kumwona. Mbwa hakumbukwi mpaka amekwisha kuruka. Neno langu la leo ni moja, nami nitalirudia hadi ulishike: mgonjwa hulindwa na mpango uliowekwa kabla hajafika, wala si kwa ukali unaokuja baada ya mbwa kumrukia. Mpango kwanza. Ukali huchelewa.

Tuanze na mwili wa mgonjwa mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukosea. Mtu akitolewa nyuzi, ngozi ikaonekana imeshikana, nyumba nzima hupumua na kusema amepona. Lakini jeraha la upasuaji ni kama ukuta uliopigwa lipu juzi: kwa nje umekauka, ndani saruji bado haijakaza. Madaktari hufundishwa kwamba wiki tatu baada ya kushonwa, mahali palipokatwa pamepata karibu moja ya tano tu ya nguvu za awali. Inachukua kama miezi mitatu kufikia asilimia 80, na hapo ndipo panapoishia. Nguvu zote za zamani hazirudi. Sasa mfikirie mama aliyejifungua kwa upasuaji. Tumbo lake limekatwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka lina mwendo wake wa kupona. Mfikirie mzee aliyefanyiwa upasuaji wa henia, ambaye daktari amemwonya asibebe mzigo wala asikaze tumbo. Mfikirie nyanya aliyetolewa mtoto wa jicho, ambaye hatakiwi kugongwa jicho wala kuinama ghafula. Mfikirie kijana aliyeanguka na bodaboda kwenye barabara kuu ya Mombasa, akafungwa vyuma mguuni, sasa anatembea kwa magongo. Hawa wote wanaonekana wazima wakiwa wameketi. Wakishtuliwa, ndipo udhaifu unapojitokeza.

Hapo nasikia msikilizaji mmoja akipinga. Anasema, mbwa wetu ni mdogo tu, hafiki hata gotini, atamfanya nini mtu mzima? Swali zuri, na jibu lake lina sehemu mbili. Kwanza, mbwa mdogo akisimama kwa miguu ya nyuma, miguu ya mbele hufika mapajani, na mtu akiwa ameketi kiti cha chini, hufika moja kwa moja tumboni. Kucha zake ni zile zile za kufukua shimo la panya. Pili, na hili ni kubwa zaidi, madhara mengi hayaletwi na uzito wa mbwa bali na mwili wa mgonjwa mwenyewe unavyojitetea. Mbwa akikurukia bila kutarajia, unafanya nini? Unakaza tumbo, unajipinda, unarudi nyuma hatua moja, mkono unatafuta pa kushika. Yote hayo ni mambo ambayo mgonjwa amekatazwa hospitali. Tena mbwa mdogo ana hatari ambayo mkubwa hana: haonekani. Anapita katikati ya miguu, anajizungusha kwenye gongo, anakimbia mbele kisha anasimama ghafula. Marekani, ambako hesabu za namna hii huwekwa, kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichapisha mwaka 2009 kwamba zaidi ya watu 86,000 kila mwaka hutibiwa katika vyumba vya dharura kwa sababu ya kuanguka kulikosababishwa na mbwa au paka, na wengi wao ni kwa sababu ya mbwa. Hao hawakuhesabiwa kwa kuumwa na mnyama mkali. Walianguka, mara nyingi kwa kujikwaa tu kwa mnyama. Kwa hiyo usiulize mbwa wako ni mkubwa kiasi gani. Uliza mgonjwa wako anaweza kuanguka kiasi gani.

Sasa tuje kwetu, Kitui na Makueni, maana mashauri mengi yanayotolewa juu ya jambo hili yametungwa kwa watu ambao mbwa wao hulala sebuleni. Wanaambiwa, funga mlango wa chumba, mwache mbwa nje. Je, hilo litatusaidia sisi? Mbwa wetu yuko nje tayari! Analala chini ya ghala, anashinda na mbuzi, anakula masalio ya ugali na muthokoi, na kazi yake ni kubweka nyani akiingia kwenye mahindi au mtu akipita usiku. Anayetoka nje kumkuta ni mgonjwa. Joto la mchana kwenye nyumba ya mabati halimruhusu kukaa ndani. Atawekewa kiti chini ya mwembe, na hapo chini ya mwembe ndipo nyumbani kwa mbwa. Atakwenda bafuni, atakwenda chooni, na choo kiko kando ya boma. Utafiti wa Philip Kitala na wenzake kuhusu mbwa wa vijijini Machakos, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba zilikuwa na mbwa, kwamba wengi waliachwa wakizurura bila kufungwa, na kwamba sehemu kubwa yao walikuwa wachanga. Machakos ni jirani, na Makueni yenyewe ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 1992. Zingatia hayo mambo mawili, kutofungwa na uchanga. Mbwa mchanga ndiye mwenye kurukaruka, na mbwa asiyefungwa ndiye anayefika wa kwanza kwa mgeni. Kwa hiyo mpango wetu hauwezi kuwa wa mlango. Ni mpango wa boma zima: kiti kiko wapi, njia ya choo inapita wapi, na mbwa yuko wapi saa hiyo.

Nimesema mpango huwekwa kabla. Kabla ya lini hasa? Kabla ya gari kufika. Saa ya hatari kuliko zote ni ile dakika ya kwanza langoni. Mgonjwa amekuwa hospitali siku kadhaa, pengine ya rufaa ya kaunti kule Kitui mjini, pengine ya Makueni pale Wote. Gari la Probox linasimama, watoto wanapiga kelele za furaha, majirani wanakuja mbio, na mbwa amepandwa na msisimko kuliko wote. Ananusa harufu ya mtu wake iliyochanganyika na dawa na damu kavu, na mbwa huijua dunia kwa pua, basi atataka kufika pale pale harufu inapotoka. Fanya hivi. Aliye na mgonjwa apige simu wakiwa bado njiani. Aliye nyumbani amfunge mbwa mahali ambapo hataona lango, ampe kitu cha kutafuna. Mgonjwa aingie, aketi kwenye kiti cha juu chenye mgongo, apumzike. Salamu za kelele zisubiri. Baadaye, pengine jioni, pengine kesho yake, mtu mzima mwenye nguvu amlete mbwa akiwa amemshika kwa kamba fupi. Mgonjwa awe ameketi, leso imekunjwa mara nne au mto mdogo umewekwa tumboni, kama manesi wanavyoshauri wakati wa kukohoa. Mbwa anuse kutoka mbali kidogo, atulie, asifiwe kwa sauti ya chini, kisha aondolewe. Tena nasisitiza: kamba isishikwe na mgonjwa. Mbwa mdogo akivuta ghafula kumfuata kuku, mvuto ule huenda moja kwa moja kwenye mshono.

Msikilizaji mwingine ananiuliza, ukimfunga mbwa, nani atalinda mbuzi? Hoja hii ni nzito, wala siidharau. Katika boma lililo mbali na jirani, mbwa ndiye kengele ya nyumba. Lakini kufunga hakumaanishi kumnyima kazi. Kuna njia rahisi ambayo fundi yeyote wa kijijini anaweza kuitengeneza: waya unyooshwe kati ya miti miwili, karibu na zizi la mbuzi, na pete ipitishwe kwenye waya huo, kamba ya mbwa ifungwe kwenye pete. Mbwa atakimbia huku na huko, atabweka, atalinda zizi, lakini hatafika kwenye mwembe wala kwenye njia ya choo. Shingoni usimfunge kamba ya katani moja kwa moja, itamkata. Tumia mshipi wa zamani au kitambaa kipana, na uhakikishe vidole viwili vinapita. Awe na kivuli na maji, kwa sababu jua la Ikutha au la Kathonzweni halina huruma, na mbwa mwenye kiu hana utulivu. Jioni, mgonjwa akishaingia kulala, mfungulie mbwa aende zamu yake. Hapo linabaki swali la usiku. Mgonjwa akitaka kwenda haja saa nane za usiku, na mbwa yuko huru gizani, itakuwaje? Wiki za kwanza awekewe ndoo yenye kifuniko ndani. Akilazimika kutoka, asitoke peke yake: mtu atangulie na tochi, amwite mbwa, amshike, ndipo mgonjwa atoke. Hii ni kazi ya dakika moja tu, lakini lazima nyumba iwe imekubaliana ni kazi ya nani. Kazi ya kila mtu haina mwenyewe.

Na asubuhi je? Hapa tumia akili ya mchungaji. Mbwa aliyekwenda malishoni na mbuzi kutoka alfajiri hurudi ulimi nje, akitafuta kivuli. Mbwa aliyeshinda amefungwa bila kwenda popote ni mbwa atakayelipuka pindi kamba ikifunguliwa. Kwa hiyo mpeleke atembee, achoke. Tena panga saa za chakula chake zikusaidie. Mgonjwa anapotaka kuoga au kujinyoosha kwa matembezi mafupi kama daktari alivyoagiza, ndipo mbwa apewe sufuria yake upande wa pili wa boma. Pua iko kwenye sufuria, njia iko wazi. Na chakula kile kisitolewe na mkono wa mgonjwa, angalau kwa wiki hizi chache. Mbwa hukimbilia anakotazamia shibe. Tukihamisha shibe, tumehamisha na mbio.

Sasa nifike kwenye hoja ninayoijua ni ya wengi: mbwa akiruka, mtandike, atajifunza. Mbona basi katika maboma mengi mbwa anatandikwa kila wiki na bado anaruka? Tulifikirie jambo hili kwa utulivu. Mbwa haruki kwa uovu. Anasalimia. Anataka kufikia uso wako, na anataka umtazame. Ukimsukuma, ukimfokea, ukapunga fimbo, umemtazama. Kwake hiyo ni nusu ya alichotaka, na mara nyingi huchukulia kuwa mchezo umeanza. Ukimpiga sana, jambo la pili hutokea, nalo ni baya zaidi: anaogopa, na mbwa mwenye hofu ndiye huuma. Zaidi ya hayo, kumbuka fimbo inapigwa wapi. Inapigwa karibu na mgonjwa, ambaye naye anashtuka, anakaza tumbo, anajipinda. Ukali uliokusudiwa kumlinda ndio umemdhuru. Kinachofundisha mbwa ni kumnyima anachotafuta akiruka, na kumpa akitulia. Akiruka, mgeukie mgongo, kaa kimya, usimguse. Miguu minne ikirudi chini, hapo hapo msifu, mpe tonge. Nyumba nzima ifanye vivyo hivyo, kwa sababu mtoto mmoja akiendelea kumchezesha kwa kumrushia mikono, kazi ya wengine wote imeharibika. Wazee walisema mchezea mbwa huingia naye msikitini. Mbwa aliyezoeshwa kumrukia mwenye nguvu hawezi kujua kwamba leo mwenye nguvu ni mgonjwa. Na tafadhali, mafunzo haya yafanywe na watu wazima wenye afya. Mgonjwa hawezi kugeuka upesi, hivyo asifanywe mwalimu. Yeye kazi yake ni kupona.

Kama upasuaji umepangwa mapema, kama ule wa henia, wa tezi dume, wa uvimbe wa kizazi au wa mtoto wa jicho, basi una wiki kadhaa mkononi. Zitumie. Mzoeze mbwa waya wake sasa, mzoeze kutulia watu wanapoingia sasa, mzoeze kuona magongo na fimbo ya kutembelea bila kuvishambulia. Kama upasuaji ni wa dharura, kama wa kidole tumbo au wa mama aliyeshindwa kujifungua kwa njia ya kawaida, huna wiki, lakini una siku zile mgonjwa anapolazwa. Hata siku tatu za waya na kamba ni bora kuliko kumwachia Mungu langoni. Unaona, msikilizaji? Tunarudi pale pale: mpango kwanza.

Sasa nyamaza kidogo unisikilize, kwa sababu jambo linalofuata ni la uhai na kifo. Kuna imani iliyoenea kwamba ulimi wa mbwa ni dawa, kwamba akilamba kidonda kinapona upesi. Watu huona mbwa akijilamba jeraha lake na likakauka, wakahitimisha kwamba hata la binadamu litakauka. Tusikubali. Kinywa cha mbwa, hata mbwa mwenye afya, kimejaa vijidudu ambavyo kwake havina neno lakini vikiingia kwenye jeraha la mtu huleta usaha, homa, na pengine sumu katika damu. Mwenye kisukari, mwenye kinga dhaifu na aliyetolewa wengu wako hatarini zaidi. Lakini juu ya yote hayo kuna kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu umethibitishwa kwa mbwa hapa Kenya tangu 1912, na hukaa kwenye mate. Shirika la Afya Duniani huyagawa matukio katika makundi matatu. Kundi la tatu, lenye hatari kubwa kabisa, lina kuumwa na kukwaruzwa hadi ngozi ipasuke, na humo humo ndani yake kuna kulambwa mahali palipo na jeraha. Umesikia vizuri? Mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa akilamba kidonda kibichi, tukio hilo linahesabiwa pamoja na kuumwa. Na ugonjwa huu dalili zikishaanza, karibu kila mtu hufa. Basi mshono wa upasuaji usiachwe wazi mbwa akiwa karibu, na ulimi wake usiufikie, hata kwa upendo.

Katika hili, Kitui na Makueni zina bahati yake. Mwaka 2014 Kenya ilianzisha mkakati wa kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na kaunti zetu hizi mbili ziliwekwa miongoni mwa tano za kuanzia, pamoja na Machakos, Kisumu na Siaya. Shabaha ni kuchanja mbwa saba katika kila kumi, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu wakifika hapo ugonjwa hukosa pa kupita. Je, wako yuko katika hao saba? Cheti chake kiko wapi? Afisa wa mifugo wa wadi yako ndiye wa kumuuliza siku ya chanjo. Mbwa akishafikisha miezi mitatu anachanjwa, na hurudiwa kila mwaka. Kinga huchukua wiki chache kujengeka, kwa hiyo usingoje mgonjwa awe kitandani ndipo ukimbilie sindano. Chanjo ni sehemu ya mpango, sawa na waya na leso.

Na likitokea? Mbwa amelamba mshono, amekwaruza, ameuma. Usimpake mgonjwa majani, usimpake mafuta ya taa, usingoje kuona mbwa ataugua au la. Osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Utaniambia maji yenyewe ni ya kununua kwa mtungi. Basi tumia kibuyu chirizi, ule mtungi mdogo uliotobolewa ambao watoto huoshea mikono shuleni. Unatiririsha maji polepole kwa muda mrefu. Mshono usiusugue, mwagia maji taratibu. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, ueleze mambo matatu: ulipasuliwa lini na wapi, mbwa amefanya nini, na mbwa amechanjwa au hajachanjwa. Ukianzishiwa sindano za kichaa cha mbwa, zimalize zote. Mbwa naye asiuawe kwa hasira. Afungwe na kuangaliwa siku kumi, kwa sababu anavyokuwa katika siku hizo humsaidia daktari kuamua. Jambo jingine dogo ambalo wengi hulisahau ni bandeji zilizotumika. Zikitupwa hivi hivi kwenye shimo la taka, usiku mbwa atazifukua na asubuhi watoto watazikuta uwanjani. Zichome, au zizike kwa kina, na uoshe mikono.

Kuna wanaosema, kwa nini tusumbuke? Tumpeleke mbwa kwa jirani, au tummalize tu. Kumpeleka kwa ndugu kwa mwezi mmoja ni wazo jema ikiwa mbwa amechanjwa na huko atafungwa; asipofungwa atarudi usiku huo huo, tena akiwa na msisimko maradufu. Kumuua ni hasara bila faida. Utabaki bila mlinzi, utaleta mbwa mwingine mchanga asiyefunzwa wala kuchanjwa, na shida itaanza upya. Wengine husema kinyume chake: mbwa humfariji mgonjwa, kwa nini mnawatenganisha? Nakubaliana nao zaidi ya nusu. Mgonjwa anayeshinda peke yake chini ya mwembe watu wakiwa shambani kuchuma ndengu anahitaji uhai karibu naye, na mbwa aliyetulia miguuni ni faraja ya kweli. Ndiyo maana sikusema watenganishwe. Nimesema wakutane kwa utaratibu: mgonjwa ameketi, mshono umefunikwa, mbwa ameshikwa na mtu mwingine, ametoka kutembea na amechoka. Wiki kwa wiki, kamba irefushwe kadiri mwili unavyokaza na daktari anavyoruhusu.

Mwisho kuna anayesema hana hela za mambo haya. Hebu tuhesabu bila kalamu. Waya wa kipande, pete moja, mshipi uliochakaa, leso iliyo nyumbani. Upande wa pili wa hesabu, nauli ya kumrudisha mgonjwa kutoka Tseikuru hadi Kitui mjini, au kutoka Mtito Andei hadi Wote, jeraha limefunguka, kitanda tena, siku za kazi za anayemuuguza. Kipi ghali? Hospitali nazo zina sehemu yao. Nesi anapompa mgonjwa ruhusa, huuliza kama ana wa kumpikia na kama anajua siku ya kurudi. Aongeze swali moja: nyumbani kuna mbwa? Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba nao waulize hivyo hivyo, kisha watazame kiti cha mgonjwa kiko wapi na mbwa amefungwa wapi. Swali hilo halihitaji bajeti.

Basi msikilizaji, tuyakusanye kabla muda haujatuishia. La kwanza, mbwa afungwe kabla gari halijafika langoni, na nyumba ikubaliane ni nani mwenye kazi hiyo, mchana na usiku. La pili, mshono ufunikwe, ulimi na kucha visiufikie, na mgonjwa asishike kamba. La tatu, mbwa achanjwe sasa, kabla ya kuhitajika. Na juu ya yote, mpango kwanza, kwa sababu mbwa wako hajui kwamba umepasuliwa. Wewe ndiye unayejua. Kama una mtu anayetarajiwa kutoka hospitali wiki hii, ukizima redio hii toka nje, tafuta miti miwili iliyo mbali na njia ya choo, upime urefu wa waya.